Wekundu wa Karafuu

Mtoto akizaliwa haoni, watu hujua hata kabla hajaota meno. Silima Bakar alizaliwa na macho mawili mazima, makubwa, yenye kope ndefu zilizosifiwa na kila shangazi, na ndani ya macho hayo nyekundu na kijani zilikuwa kitu kimoja. Kwingine duniani mtu angeishi na kasoro hiyo mpaka akazeeka, asisumbuke. Lakini yeye alizaliwa Pemba, kisiwa ambacho riziki ya watu inaning'inia mtini, ikisubiri kuacha ukijani na kuingia wekundu.

Karafuu haichumwi ovyo. Ikiwa bado ya kijani ni changa, ukiianika inasinyaa. Ukichelewa inafunguka ua, na hapo umeshaikosa. Inatakiwa ikamatwe katikati, pale kichwa chake kinapoanza kuona haya. Silima alipopandishwa mtini mara ya kwanza, wakati wa likizo ya shule, alijaza pakacha kabla ya binamu zake wote, akashuka anatabasamu. Mjomba wake akachungulia ndani ya pakacha, akamtazama mtoto, akachungulia tena.

"Wee mwana, una ugomvi na mti huu?"

Zote zilikuwa mbichi. Kesho yake Silima akachuma kwa uangalifu mkubwa, akaleta maua. Baada ya hapo akapewa kazi ya kubeba mizigo, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba huyu bora asome.

Akasoma. Akajifunza pia kujificha. Sokoni alizibonyeza nyanya moja moja ili ajue ipi imeiva, mpaka muuzaji mmoja wa Chake Chake akamuuliza kama nyanya zake zina honi. Chuoni, Unguja, alikuta kwenye kompyuta jaribio la madoa ya rangi, ambalo watu wengine huona tarakimu ndani yake. Yeye aliona madoa. Akaufunga ukurasa ule haraka, kama aliyefumaniwa, na hakumwambia mtu. Ilikuwa aibu ya kipumbavu, maana hakuna aliyewahi kufukuzwa mjini kwa ajili ya nyanya, lakini aliibeba hivyo hivyo mpaka ukubwani.

Alipomaliza masomo alipata kazi Chake Chake, kwenye kitengo kidogo kinachotengeneza ramani za mashamba. Droni inapaa, inayapiga picha mashamba kutoka juu, picha zinaunganishwa kuwa moja kubwa, halafu mtu anakaa mbele ya kompyuta kutenganisha mikarafuu iliyo hai na ile iliyokauka. Huyo mtu ndiye Silima. Asubuhi ya kwanza alifunguliwa picha ya bonde zima, na wenzake wakavuta pumzi kwa uzuri wake. Silima naye akavuta pumzi, kwa adabu. Alichokiona yeye ni uji wa mtama uliomwagika.

Mkuu wa kitengo, Bi Time, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, akavuta kiti akakaa pembeni yake.

"Usiitazame hivyo ilivyo," akasema. "Picha hii si moja. Ni tatu zimelaliana: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila kimraba hapa kina namba tatu, nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani. Sasa tuzitenge."

Akabonyeza, na badala ya uji zikatokea picha tatu, zote za kijivu.

"Mbona hazina rangi?" Silima akauliza.

"Zitakuwaje na rangi, na kila moja inaonesha kiasi tu? Palipo na nyekundu nyingi panakuwa peupe. Palipo na chache panakuwa peusi."

Silima akaisogelea ile picha ya nyekundu. Barabara ya udongo iliyopanda kilimani iling'ara kama imepakwa chokaa. Mabati yenye kutu yaling'ara. Mikarafuu hai ilikuwa myeusi, na katikati yake ile iliyokauka ilikuwa imepauka, kila mmoja mahali pake, wa kuhesabika. Akaifungua ile ya kijani, na mambo yakageuka: palipokuwa pameng'ara pakafifia, palipokuwa peusi pakapata nuru. Basi hili ndilo jambo ambalo watu walikuwa wakilizungumzia tangu yeye mtoto, wakimcheka na wakimkaripia, na kumbe ni kweli lipo. Machozi yakamtoka. Bi Time akamshauri apunguze mwanga wa kioo.

Tangu siku hiyo Silima akawa mtu mwenye furaha kazini. Kilichomponza ni ramani ya mwisho, ile inayobandikwa ukutani ili wakulima waione, kwa sababu ramani hiyo lazima irudishiwe rangi, na rangi alizichagua mwenyewe kwa jicho lake. Miti hai akaipaka nyekundu. Iliyokufa akaipaka kijani kibichi cha kupendeza. Ramani ikapelekwa Mtambwe, ikabandikwa barazani, na watu wakapongezana.

"Nani kakwambia mti uliokufa unapakwa kijani?" Bi Time akamuuliza baadaye.

"Nlitaka kuwapa moyo," Silima akajibu.

Hakuna jibu jingine lililomjia, na Bi Time akarudi kwenye meza yake.

Kosa hilo ndilo lililomleta Mwanawema. Alikuja ofisini na ushungi umefungwa vizuri na hasira imefungwa vizuri zaidi, akasimama mbele ya meza ya Silima, akasalimia kwanza kama alivyolelewa, halafu akaanza.

"Baba yangu ni Mzee Himid Vuai wa Mtambwe. Upande wa chini wa shamba lake mikarafuu imekauka, hata mbuzi wajua. Sasa watu wampita njiani wampa hongera. Jana kaja mtu kumwomba mbegu! Kaniambia niende nikamtazame aliyefanya vile. Ndo weye?"

"Ndo mie," Silima akasema, na kwa kuwa hakuweza kueleza kosa, akaeleza kazi. Akaifungua picha ya shamba la baba yake, akaitenga, akamwonesha zile tatu za kijivu moja baada ya moja. Mwanawema alikuwa na kitalu chake cha miche ya mikarafuu, kwa hiyo alitazama kama mtu anayejua anachokitafuta. Hasira ikamshuka kidogo kidogo. Akauliza hili na lile, na mwisho akacheka.

"Kumbe mwaichambua! Kama sie tuchambuavyo karafuu na makonyo yake, vile vijiti. Hizi huku, yale kule."

Silima akampenda papo hapo. Hakuna haja ya kulizungusha. Alikuwa ameshasoma maelezo ya kitaalamu mengi kuhusu kutenga picha, na hakuna hata moja lililoliweka jambo sawasawa vile, wala lililokuwa na vishimo mashavuni.

Yakafuata yale yafuatayo siku zote: simu, safari za kwenda kununua miche isiyopandwa popote, na hatimaye wazee wa Silima wakaenda Mtambwe kuposa. Walipokewa vizuri, wakanywa kahawa, wakarudi na jibu.

"Mzee Himid kasema hana neno na weye," baba yake akamweleza. "Kasema kijana wa watu, kazi yake nzuri, dini anayo. Ila kasema aje achume."

Hii ilikuwa kawaida ya Mzee Himid, na Mtambwe nzima iliijua. Hamwozi mtu binti yake mpaka amwone mtini wakati wa msimu. Mkwe wa kwanza alipanda akafaulu, akaoa, akahamia Unguja na mkewe. Wa pili naye vivyo hivyo, Tanga. Aliyekuja baada yao kumtaka Mwanawema, mfanyabiashara wa mji wa Mkoani mwenye gari lake, alishuka mtini na pakacha la maua na vijiti, akashukuriwa kwa kuja, akaoneshwa gari lake liliko. Mzee Himid alikuwa na sifa ya kuijua karafuu kuliko mtu yeyote upande ule, na kwenye jambo hilo hakuwa na huruma.

Silima hakulala vizuri wiki nzima. Angeweza kumwambia Mwanawema ukweli. Alijiambia atamwambia kesho, na kesho ikifika alijiambia si jambo la kuzungumza kwenye simu. Mwisho akafanya alichokijua. Akatengeneza programu ndogo ya simu: kamera inatazama, simu inaitenga picha palepale, inatoa kijani ndani ya nyekundu, na kinachobaki cheupe ndicho kilichoiva. Akaenda nayo sokoni kuijaribu, akaanza kuzipiga picha nyanya kwa yule yule muuzaji.

"Sasa wazipiga picha," muuzaji akasema. "Wazikatia pasipoti?"

Lakini programu ilifanya kazi. Silima alinunua nyanya bila kubonyeza hata moja, na zote zilikuwa zimeiva. Akarudi nyumbani kifua mbele.

Asubuhi ya siku yenyewe shamba la Mzee Himid lilikuwa limeshajaa watu. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majamvi wakichambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, wakiongozwa na Bi Tatu, dada yake Mzee Himid, ambaye mikono yake ilichambua karafuu na mdomo wake ukachambua watu. Mwanawema alikuwa miongoni mwao, ameinamisha kichwa kama inavyompasa binti siku kama hiyo, ingawa macho yake hayakuinama hata kidogo. Mzee Himid mwenyewe, mtu mfupi, mkavu, mwenye ndevu nyeupe, alisimama chini ya mti mkubwa na fimbo yake. Pembeni yake alisimama mkewe, Bi Kijakazi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kijana, maneno sina. Mti ule."

Silima akalivaa pakacha begani, akachukua kigoe cha kuvutia matawi, akapanda. Simu alikuwa ameining'iniza shingoni, ndani ya mfuko wa plastiki. Alipofika mahali asipoonekana sana akaitoa, akailenga kwenye tawi. Kioo kikawa kijivu, na katikati ya kijivu shada za karafuu zilizoiva zikatokeza nyeupe, waziwazi, mpaka akataka kupiga kelele. Akavuta tawi, akachuma. Akalenga tena, akachuma. Kikwazo kilikuwa majani machanga. Kumbe majani machanga ya mkarafuu nayo ni mekundu, jambo ambalo katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia, na simu ikayaonesha meupe vile vile. Lakini jani ni jani, hata Silima alilijua. Pakacha likafika nusu, na kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimeiva barabara.

Chini Bi Tatu alikuwa ameshamwona.

"Yuazungumza na nani huko juu?"

"Yuajipiga picha," mwanamke mwingine akasema.

"Hasha! Kaja kuchuma au kaja kupendeza? Kaka, mwamwona mkwe wenu?"

"Mwache," Mzee Himid akasema.

Silima hakuyasikia hayo, kwa sababu wakati huo alikuwa ameweka mkono juu ya kiota cha majimoto. Asiyewajua siafu hao wa mkarafuu ashukuru Mungu. Wanajenga viota vya majani, wanalinda kila tawi, na wakikuuma huwezi kufikiria jambo jingine. Walimpanda mkononi, wakaingia kwenye shati, wakamfuata mpaka shingoni. Silima akajipiga kofi, akajipiga jingine, na la tatu likakata kamba ya simu.

Simu ikaanguka. Iligonga tawi, ikagonga jingine, ikapumzika kidogo kwenye panda ya mti, halafu ikaendelea na safari mpaka kwenye rundo la karafuu mbele ya Bi Tatu, kioo juu.

"Astaghfirullah! Sasa atutupia vitu!"

Bi Tatu akaiokota, akaitazama, na simu, ambayo katika kugongwa ilikuwa imehamia kamera ya mbele, ikamwonesha uso wake mwenyewe, wa kijivu, macho meusi, midomo imepauka.

"Kanigeuza maiti!" akapiga kelele. "Njooni mwone! Mie nimekaa hapa mzima, yeye kanitia sanda!"

Akaifutika simu chini ya kanga yake, isije ikamdhuru mtu mwingine, na hakuwa na nia ya kuitoa.

Juu ya mti Silima alikuwa na njia mbili. Angeweza kushuka, akaomba simu, akaeleza. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Yeye alimtazama Mwanawema pale chini, akaona ameacha kuchambua na anamtazama yeye, na kiburi kikamwambia kwamba alizokwisha kuziona kwenye simu zinatosha kumwongoza, karafuu ni karafuu, ataziona kwa umbo. Akachuma kwa umbo. Alichagua vichwa vya duara, vilivyonona, vilivyomridhisha, akajaza lile pakacha mpaka juu, akashuka, mashavu yamevimba kwa siafu.

Pakacha likamwagwa kwenye jamvi tupu, mbele ya watu wote.

Kwenye lile rundo Silima hakuona tofauti yoyote. Aliiona kwenye nyuso. Kwanza zikamwagika za juu, na nyuso zikaanguka zote kwa pamoja, na mtu mmoja akasema "masikini." Halafu zikamwagika za chini, zikafunika zile za kwanza, na nyuso zikainuka, zikashangaa. Kisha kila mtu akawa anamtazama mwenzake.

"Kachuma mtu mmoja hapa, au wawili?" Bi Tatu akauliza.

Mzee Himid akaliinamia rundo. Akachukua punje moja, akaibonyeza kwa ukucha, akainusa. Bi Kijakazi akamsogelea, akamnong'oneza kitu sikioni. Mzee akajiweka sawa.

"Nusu mbichi," akatangaza. "Kijana, hebu nieleze. Wajua kuchuma au hujui?"

Hapo Silima alichoka. Alichoka na nyanya, na madoa, na kuvuta pumzi kwa adabu. Tena siafu mmoja alikuwa bado anamuuma mgongoni.

"Mzee," akasema, "mie nyekundu siioni. Nyekundu na kijani kwangu mamoja. Tangu kuzaliwa. Nusu nimechuma kwa simu, na simu ilipoanguka nikachuma kwa kubahatisha. Naomba radhi. Nimekuja hapa kukudanganya kwa sababu namtaka binti yako."

Ungedhani watu watamwonea huruma, au watakasirika. Wapi! Wanawake waliinuka majamvini wakamzunguka.

"Kanga yangu rangi gani?"

"Na hino ya kwangu?"

"Na huu ushungi? Usibahatishe!"

"Basi nyasi na matofali ya kuchoma vyafanana?" Bi Tatu akamuuliza. "Na damu je? Ukijikata, damu yako waiona rangi gani?"

"Naiona ni damu," Silima akasema kwa unyonge.

Akaomba arudishiwe simu. Bi Tatu aliitoa kwa ncha za vidole. Kioo kilikuwa na ufa, lakini kiliwaka, na Silima, kwa kuwa hakuwa na la kupoteza tena, akalipiga picha lile rundo na kuwaeleza. Picha ni tatu zimelaliana. Unazitenga. Hii ya nyekundu, hii ya kijani, hii ya buluu. Sasa ukiitoa ya kijani ndani ya nyekundu, zilizoiva zinabaki nyeupe na mbichi zinabaki nyeusi. Akampa Mzee Himid simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe kabla ya kuaga.

Mzee Himid akaishika mbali na uso, halafu karibu. Akalitazama rundo. Akaitazama simu. Akalitazama rundo tena, kwa muda mrefu, akaitazama simu, na polepole akakaa kwenye jamvi, juu ya karafuu za watu, bila kujali.

"Kijakazi," akaita. "Hizi nyeupe, ndo hizo nyekundu?"

"Ndo hizo," mkewe akasema.

"Na hizi nyeusi ndo mbichi?"

"Ndo mbichi."

"Kumbe zatofautiana namna hii!" Mzee Himid akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mkali tena. "Lahaula. Mie nlidhani ni jambo dogo. Nlidhani watu mwaona kidogo tu kuliko mie."

Hata kwa Bi Tatu, dada yake, hili lilikuwa geni. Walikua nyumba moja, walikula sinia moja, na hakujua. Bi Kijakazi ndiye aliyeanza kucheka, kimya kimya, mabega yanatikisika, mpaka akalazimika kujifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Tangu nimeolewa," akasema. "Mie ndo n'sema, mti huu bado, mti ule tayari. Yeye kazi yake kupiga kelele na kuwafukuza watu. Sifa zote za mume wangu ni hapa," akajigusa chini ya jicho.

"Basi mmeshajua!" Mzee Himid akanguruma, akijaribu kuinuka na kushindwa mara ya kwanza. "Chekeni! Na sasa jueni na lililobaki. Macho ya huyu mama yenu yaingia ukungu. Mwaka jana tumeanika mbichi na mbivu pamoja, watu wakaona haya kunambia. Mwadhani mie nawapandisha watu mtini kwa kupenda kuwatesa? Natafuta macho! Nilipata wakwe wawili wenye macho, wakayachukua wakaenda nayo Unguja na Tanga. Huyu wa tatu nikamwombea dua. Na dua yangu imejibiwa, nimeletewa mwenzangu!"

Watu walicheka, na Silima angecheka pia kama jambo lile lingekuwa la mtu mwingine. Lakini moyo wake ulikuwa umezama. Angekuwa mvivu tu, mzee angemrekebisha. Angekuwa mwongo tu, mzee angemsamehe. Kati ya kasoro zote za duniani alikuwa amekuja na ile moja ambayo nyumba hii ilikuwa nayo tayari, tena ikitafuta dawa yake.

"Simu naweza kukuachia, mzee," akasema. "Inaona."

"Simu yaanguka, baba. Tumeiona hapa. Na chaji ikiisha juu ya mti, nitamwita nani?" Mzee Himid akamwekea mkono begani, na mkono huo ulikuwa mpole, ndiyo maana uliuma. "Weye mtu mwema. Tena nakuonea uchungu kuliko unavyojionea mwenyewe, maana mie najua. Lakini shamba moja haliwezi kuongozwa na watu wawili wasioona kilichoiva. Nenda salama."

Silima akaliweka lile pakacha tupu chini. Alikuwa ameshageuka, anatafuta viatu vyake, alipomsikia Mwanawema.

"Baba."

Alikuwa amesimama. Aliufunga ushungi kwa nyuma, akajifunga kanga kiunoni kwa fundo la mtu anayekwenda kazini, akakichukua kigoe. Alipoanza kuupanda mti watu wakaona kwamba chini ya gauni amevaa suruali ya kuchezea mpira ya binamu yake, na mtu havai suruali ya binamu yake siku kama hiyo kwa bahati mbaya.

"We Mwanawema! Mwanamke hapandi mkarafuu mbele ya mposaji wake!" Bi Tatu akapiga kelele.

"Basi fumbeni macho, shangazi."

Aliukwea mti ule kwa urahisi, akafika kwenye tawi nene, akakaa, akageuka kumtazama baba yake kutoka juu. Hakuwa anacheka.

"Mie tangu mtoto nakaa hapo chini n'chambua," akasema. "Nawatazama hao mnaowapandisha wazipita shada zilizoiva wafuata mbichi. Nawatazama mwahangaika na macho ya mama. Mmeyatafuta macho Mkoani, mmeyatafuta wapi na wapi, na mie nimekaa hapo kwenye jamvi, hatua mbili kutoka kwenu. Hamkuniuliza hata siku moja."

Mzee Himid akamtazama mkewe ili amwambie la kusema, kama alivyozoea. Mara hii Bi Kijakazi hakumnong'oneza kitu. Alikuwa ameshakaa chini na kuanza kuchambua.

Mwanawema akavuta tawi la kwanza. "Hili tayari!" akaita, akachuma. "Lile la juu bado. La kulia tayari, tena laomba!" Sauti yake ilishuka kati ya majani kwa raha ambayo Silima hakuwahi kuisikia kwenye simu, na shada zikaanza kurundikana kwenye kanga aliyoikunja mapajani.

Silima alirudi akasimama chini ya mti, viatu mkononi. Mzee Himid alikuwa amesimama pale pale. Wote wawili wakainua vichwa, wakatazama juu, kwenye matawi ambayo kwao yalikuwa na rangi moja kuanzia shina mpaka kileleni.

"Wee," Mzee Himid akasema mwisho, kwa sauti ya chini ili dada yake asisikie. "Huko juu, kuna unachokiona?"

"Naona mti, mzee."

"Na mie naona mti."

Akakohoa. Akaligusa lile pakacha tupu kwa ncha ya fimbo, akalisogeza mpaka miguuni mwa Silima.

"Basi shika pakacha, mkwe," akasema. "Mwenzio kanga yajaa."